Magitaa Mawili ya Kasulu

Nyuzi kwanza. Papa amelaza gitaa juu ya meza ya chakula, shingo imeegemea taulo lililokunjwa mara nne, naye analegeza funguo moja baada ya nyingine: nusu mzunguko uzi wa kwanza, nusu mzunguko wa pili, hadi wa sita, kisha anarudi mwanzo. Hamalizi uzi mmoja ndipo aende mwingine. "Shingo haipendi kushtuliwa, mama," ananiambia bila kuinua macho. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na ndani ya shingo imepita fimbo ya chuma inayoshindana nazo ili mbao isipinde. Ukizilegeza zikaning'inia kabisa, fimbo inabaki ikivuta peke yake safari nzima, na shingo inaweza kupinda kinyumenyume. Ukiziacha zilivyo, kila pigo la njiani linaongezwa juu ya kilo hizo. Basi Papa anashusha toni moja, labda moja na nusu, anagusa uzi kwa ukucha, anasikiliza, anaacha.

Tuko Louisville, Kentucky, jikoni kwake, Jumamosi asubuhi. Kanisa zima linamwita Papa kwa desturi ya Kikongo, nami nimefuata. Alizaliwa Fizi, Kongo, akaishi kambini Tanzania miaka 14, na leo ndiye anayetafutwa na Waswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo wanapotaka chombo cha muziki kivuke bahari kikiwa kizima. Hana duka wala bango. Ana meza hii, tepu ya kupimia, mizani ya kuning'iniza, kisu cha kukatia maboksi, na gunia la sponji za magodoro zilizokatwakatwa. Nimemtazama akifunga magitaa mara tatu sasa, na mara zote nimechelewa kurudi nyumbani kwa sababu sikutaka kuondoka kabla hajamaliza.

Magitaa ya leo ni mawili, na yote yanakwenda Nyarugusu, kambi ya wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita ya Kongo. Kwaya iliyoyaomba ni ile aliyoimbia Papa mwenyewe. Sauti wanazo, ngoma wanazo, besi wanayo. Gitaa lao la rizimu lilikuwa limefungwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa tatu. Anayejua waya ule unavyolia ataelewa kwa nini waumini wa huku wanaolipwa kwa saa walichanga pesa ndani ya Jumapili mbili.

Yalinunuliwa Buffalo, New York, mwezi wa Februari, na kijana wa Uvira anayekaa upande wa magharibi wa mji ule, kwenye duka la vitu vilivyotumika. Moja ni la umeme. La pili ni gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu Tanzania walizoea kuliita galatoni. Buffalo ni mji wa baridi isiyo na simile: Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilifunikwa na theluji ya karibu mita mbili katika siku nne tu, upepo ukiwa umeichota kutoka Ziwa Erie. Kijana yule aliponikabidhi makasha mawili aliniagiza jambo moja: nikifika kwangu Columbus niyaweke ndani na nisiyafungue hadi kesho yake. Lakeri ya gitaa lililotoka kwenye baridi kali ikikutana ghafla na hewa ya moto ya nyumbani hupasuka vijistari kama tope la mto uliokauka, na mstari ukishaingia hautoki. Nikayalaza sebuleni. Usiku niliamka nikaligusa kasha moja kwa kiganja; lilikuwa bado baridi kama jiwe la kisimani. Nilimheshimu kijana yule, maana agizo lake lilikuwa limetoka kwa Papa, likapitia simu, likafika Buffalo, likarudi nami.

Njia yenyewe ni kama uzi mmoja. Kutoka Buffalo unashika barabara ya 90 pembeni mwa ziwa hadi Cleveland, hapo unaingia ya 71, unapita Columbus, unapita Cincinnati, na ya 71 inakwenda kuishia Louisville. Magitaa yamekaa kiti cha nyuma njia nzima, yamefungwa mikanda ya abiria. Buti la gari ni mahali pa viazi.

Lazima nieleze kwa nini mimi, mkazi wa Columbus, nilikubali kuendesha gari kutwa nzima kwa ajili ya kufungiwa boksi. Miaka kadhaa iliyopita nilituma Mombasa gitaa la kaka yangu. Nilinunua boksi kubwa, nikalijaza vipovu vyeupe vya plastiki, nikaandika maneno ya tahadhari kila upande kwa kalamu nyekundu. Lilifika kichwa kimekatika, kimening'inia kwa nyuzi zake kama kuku aliyechinjwa. Kampuni iliyolibeba ilikataa fidia, ikisema ufungaji haukutosha. Nilikasirika mwaka mzima. Siku nilipomwonyesha Papa picha zile alizitazama kwa muda, akasema taratibu kwamba ningeweza kulifunga vizuri zaidi, na kwamba angenionyesha.

Somo lenyewe lilichukua nusu dakika. Alinishika mkono juu kidogo ya kifundo, akauinua, akaushusha kwa kasi hadi mezani. Mkono ulisimama, kiganja kikaendelea kwenda. "Umeona?" Gitaa haliumizwi na kuanguka kwenyewe. Linaumizwa na kusimama. Boksi likianguka chali, mwili unatua kwenye sponji na kusimama, lakini kichwa, chenye funguo sita za chuma na kisichoshikwa na kitu, hakijasikia habari. Kinaendelea na safari. Kwa magitaa mengi ya mtindo wa Gibson kichwa kimeinamishwa nyuma kwa digrii 14 au 17, shingo na kichwa vimechongwa kwenye kipande kimoja cha mkangazi, na pale pale mbao inapokuwa nyembamba pamechimbwa tundu la kukazia ile fimbo ya chuma. Nyuzinyuzi za mbao hukatwa fupi mahali hapo. Hapo ndipo gitaa la kaka yangu lilipokatika, na hapo ndipo mengi hukatika. Vipovu vyangu vililinda tumbo, ambalo halikuwa na shida.

Kwa hiyo tazama anachofanya sasa. Amefungua kasha gumu la gitaa kavu na kutoa kila kitu kilicho huru: kibanio cha shingo, vipande vya kupigia, mkanda, na kile kifaa kidogo cha kupimia sauti, ambacho anakifungua na kutoa betri yake. Kitu cha gramu 50 kikirukaruka ndani ya kasha kwa wiki sita kinafanya kazi ya nyundo. Anaingiza karatasi laini iliyokunjwa kati ya nyuzi na ubao wa vidole, ili nyuzi zisiugonge. Kisha anaanza kujaza, na hapa ndipo mikono yake inapunguza mwendo hadi unadhani amesahau. Chini ya shingo, karibu na kichwa, anaweka sponji. Analaza gitaa, analiinua, anapunguza sponji kwa kisu, pengine unene wa sarafu, analaza tena. Anataka shingo iguswe bila kusukumwa. Sponji nene kupita kiasi itaikandamiza shingo juu kila kifuniko kinapofungwa, na huo nao ni mvunjiko, ila wa polepole. Pande mbili za kichwa anaweka kitenge kilichokunjwa, juu ya kichwa kitenge kingine. Ncha ya kichwa anaiacha na nafasi ndogo, kwa sababu boksi likisimama wima na kugongwa, ncha isiwe ya kwanza kupokea pigo. Pigo lipokewe na mabega ya gitaa, penye upana.

Vitenge ni vipya. Akina mama wa kanisa ndio walionunua. Nailoni ya malengelenge ingefanya kazi ile ile, lakini kule Kasulu ingekuwa takataka, na vitenge vitakuwa nguo. Katika kila boksi la Papa nimeona hili: hakuna kinacholinda gitaa ambacho hakitamfaa atakayelipokea. Nafasi iliyobaki ameijaza seti nne za nyuzi mpya, soksi za watoto, na daftari.

Anafunga kasha na kulitikisa, sikio likiwa limelala juu ya kifuniko. Kimya. Anatikisa tena kwa upande. Kuna sauti, mimi sikuisikia hadi aliponiambia niweke sikio langu. Ilikuwa kama mtu anayegeuza ukurasa chumba cha pili. Akafungua, akakuta kitenge kimoja kimeteleza pembeni mwa kichwa, akakikunja upya.

Hii subira aliipata kwenye kazi ya usiku. Louisville ni mji wa vifurushi: katika uwanja wake wa ndege, uliopewa jina la Muhammad Ali mwaka 2019, ndiko kilipo kitovu kikuu cha UPS kiitwacho Worldport, chenye uwezo wa kupanga zaidi ya vifurushi 400,000 kwa saa. Maelfu ya watu wa mji huu hulala mchana kwa sababu ya vifurushi. Papa amepanga mizigo usiku kwa miaka, na anachokijua ni kwamba hakuna anayesoma maandishi mekundu. Boksi husomwa na mashine inayoangalia mistari tu; linasukumwa, linateleza, linatua juu ya wenzake, wenzake wanatua juu yake. Mashine haina chuki na mtu. Anayefunga ndiye anayepaswa kujua kwamba boksi litaanguka, na kulifunga kama lililokwisha kuanguka. Ndiyo maana kasha linaingia ndani ya boksi la kuta mbili alilopewa bure na duka la magitaa, ambayo huletwa dukani ndani ya maboksi hayo hayo kisha maboksi hutupwa. Kati ya kasha na boksi anaweka sponji pembe zote nane na chini kabisa, na katikati anaacha hewa. Kasha linaelea.

Kisha hesabu. Papa anapenda hesabu kama wengine wanavyopenda bao. Boksi la gitaa kavu lina sentimita 127 kwa 51 kwa 20. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka huzidisha namba hizo tatu na kugawa kwa 5,000, zinapata uzito wa ujazo, na kutoza kile kilicho kikubwa, uzito wa mizani au wa ujazo. Mizani inasema kilo 9. Hesabu inasema 26. Kwa hiyo unalipia kilo 17 za hewa kutoka Kentucky hadi Dar es Salaam. Kwa kampuni kadhaa boksi refu kuliko inchi 48, yaani sentimita 122, linaongezewa tozo nyingine ya kushughulikiwa kwa mkono. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuacha gitaa likae.

Papa hakati tamaa. Kwa gitaa kavu ameamua meli. Nitarudi nalo Columbus, lipakiwe kwenye kontena la kuchangia pamoja na majokofu na mabaiskeli ya watu, ambako bei ni ya nafasi na si ya haraka. Lakini meli ina maswali yake. Kontena likikaa juani bandarini joto la ndani hupita nyuzijoto 50, na usiku likipoa, unyevu hudondoka kutoka darini kama mvua ndogo. Watengenezaji wa magitaa hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Februari ndani ya nyumba za Buffalo hewa hukauka kuliko hiyo, na Dar es Salaam huzidi. Kwa hiyo ameweka pakiti mbili ndogo za kusawazisha unyevu ndani ya kasha, akafunga kasha lote kwa nailoni nzito, na kuniagiza niombe boksi lisiwekwe juu kabisa wala kuegemezwa ukutani. Nilipouliza kwa nini asipige kreti la mbao, kwa kuwa angeweza, alinijibu kwamba mbao za kufungia mizigo ya nje lazima ziwe zimepashwa joto au kutiwa dawa na kugongwa mhuri wa kimataifa, wasije wadudu wakasafiri bure. Boksi la karatasi halidaiwi mhuri.

La umeme ni hadithi fupi na ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ni la mtindo wa Fender: shingo haikugundishwa, imeshikwa na skrubu nne kwa nyuma. Leo Fender alikuwa fundi wa redio, na alitaka gitaa linaloweza kutengenezwa kwa bisibisi. Papa alipiga picha kila upande, akaandika namba ya gitaa kwenye karatasi, akalegeza nyuzi kabisa safari hii kwa kuwa shingo ilikuwa itoke, akafungua skrubu moja moja kwa mkono, bila mashine, akazitia kwenye bahasha na kuandika juu yake kila moja ilikotoka. Shingo ikatoka mkononi mwake kama jino la mtoto lililokuwa tayari. Alitazama mfuko wa mbao ilimokaa, akaufuta vumbi kwa kidole. Shingo akaifunga ndani ya kitenge na kuilaza kwenye bomba la karatasi ngumu lililopasuliwa. Mwili akauzungushia shuka mbili.

Boksi likawa sentimita 76 kwa 41 kwa 15. Uzito wa ujazo: kilo 9 na ushee. Jumla ya pande tatu: 132, na mashirika mengi ya ndege hukubali hadi 158 kwa begi la kawaida la kilo 23. Maana yake gitaa hili halihitaji kampuni ya vifurushi hata moja. Mama mmoja wa kanisa anasafiri kwenda Dar es Salaam mwezi ujao na tiketi yake inaruhusu mabegi mawili. Papa aliweka tepu chini akanitazama, na nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Tulibaki na karatasi. Kwenye fomu ya forodha anaandika kilichomo kwa ukweli: gitaa lililotumika, thamani yake halisi, na namba 9202.90, ambayo forodha za dunia nzima huitumia kwa ala za nyuzi zisizopigwa kwa upinde. Kisha kuna swali la mbao. Mwaka 2017 mbao zote za jamii ya Dalbergia, yaani rosewood na ndugu zake, ziliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na gitaa lenye kipande cha mti huo likahitaji kibali kuvuka mpaka kibiashara. Ndani ya jamii hiyo umo mpingo wetu wa Kilwa na Nachingwea. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa, isipokuwa vya rosewood ya Brazil, ambayo imefungiwa tangu 1992. Papa huuangalia kila ubao wa vidole kwa tochi, na akiona mbao ya zamani asiyoijua, hatumi hadi apate anayeijua. Mwaka jana, aliniambia, alimrudishia mtu gitaa la urithi kwa sababu hiyo.

Kuna jambo linalonigusa hapa na nitalisema hata kama linanitoa njiani. Kentucky hii ndiko alikozaliwa mpiga gitaa Merle Travis mwaka 1917, katika kijiji kiitwacho Rosewood, na mtindo wa kwao wa kupiga gitaa ni wa dole gumba linaloshika besi na kidole cha shahada kinachoimba juu yake. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, katika mji wa Likasi ulioitwa wakati ule Jadotville, na wimbo wake "Masanga" ukapigwa kwa gumba na shahada vile vile. Papa hupiga hivyo. Alipofika Louisville na kuwasikia wazee wa Kentucky wakipiga, anasema, alidhani kuna Mkongo ndani ya nyumba.

Jioni boksi limefungwa kwa selotepu pana, mistari mitatu kila mshono. Papa hafungi zaidi ya hapo, maana selotepu nyingi humlazimisha mpokeaji kutumia kisu kirefu. Ndani ya kifuniko, mahali atakapoona kwanza, amebandika karatasi yenye mshale unaoonyesha upande wa kukata, na kwa nje ameandika kwa herufi kubwa za Kiswahili: LIKIFIKA, LIACHE LIPUMZIKE. FUNGUA KESHO YAKE. Hayo ndiyo maandishi pekee aliyoyaweka juu ya boksi zaidi ya anwani.

La umeme lilitangulia na mama yule, likaunganishwa kanisani kwa skrubu zake nne. Lile la meli lilichukua wiki kumi na moja. Ujumbe wa sauti uliingia alfajiri ya huku kutoka kwa mwalimu wa kwaya. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto wakibishana na mtu mzima akiwanyamazisha. "Shikamoo Papa. Boksi limefika jana saa kumi, halina tundu. Tumeliweka chini ya kitanda cha mchungaji. Watu wamejaa nje tangu asubuhi lakini tumewaambia wasubiri, saa ishirini na nne hazijatimia."